Kadi ya Grafiki kwa Bumu la Mwanachuo: Anza na Kasha

Kila bumu likitoka, ndani ya saa chache swali ni lile lile kwenye makundi yetu ya WhatsApp: "Wadau, nina laki tatu, kadi gani ya gemu ni kali?" Majibu yanamiminika. Mmoja anasema chukua RX 580. Mwingine anasema 1060. Wa tatu, ambaye hana hata kompyuta, anasema jichange kwanza uchukue RTX. Muulizaji anashukuru, anapanda daladala kwenda Kariakoo, na jioni anarudi hosteli na boksi. Katika mjadala wote huo hakuna aliyemuuliza jambo moja: hiyo kadi unaichomeka kwenye kompyuta gani?

Makala haya yanaanzia hapo, maana jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama pesa ya kula ya mwezi mzima itageuka kadi au pambo la mezani. Ukiniuliza mimi, kadi ya bei nafuu ni ile ambayo ukishailipia hulazimiki kununua kitu kingine ili iwake. Kadi ya laki mbili inayodai pawa saplai mpya, kasha jipya na adapta ya monita ni kadi ya laki nne, ila tu muuzaji hakukwambia.

Mashine ya karani

Tuwe wakweli. Wachache sana kati yetu wamejenga kompyuta ya gemu kipande kwa kipande. Wengi tuna mashine za ofisi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimetumika miaka kadhaa kwenye ofisi za Ulaya au Marekani, zikapakiwa kontena, zikashuka bandarini kwetu. Ni mashine nzuri, siongei kwa dharau. Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 6 iliyomo humo bado inasukuma GTA V na PES 2021 vizuri tu ikipata kadi ya kuisaidia. Shida ni kwamba aliyezitengeneza hakuwaza gemu hata siku moja. Alimuwaza karani anayewasha saa mbili asubuhi, anafungua Excel, anazima saa kumi na moja jioni.

Angalia pawa saplai yake. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa ina saplai ya wati 290, nyembamba yake ina 255. OptiPlex 7050 nyembamba, ambayo ni mpya zaidi, ina wati 180 tu, kwa sababu prosesa mpya zinakula kidogo na karani hahitaji zaidi ya hapo.

Kadi nayo inakula umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni lile tundu refu la PCIe kwenye ubao mama, ambalo kwa kanuni linatoa hadi wati 75. Ya pili ni waya unaotoka moja kwa moja kwenye saplai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Sasa chukua ile RX 580 iliyosifiwa kwenye kundi. Inakula wati 185. Ukiiweka kwenye mashine ya wati 290, zinabaki wati 105 za prosesa, diski, feni, RAM na flashi zako. Prosesa peke yake, i5-4590 kwa mfano, imeandikiwa wati 84. Hesabu hiyo haihitaji mtu wa uhandisi. Gemu likichanganya, mashine inazima ghafla kama vile mtu kachomoa plagi, na wewe unabaki kulaumu Windows.

Halafu hata huo waya wa kulisha kadi mara nyingi haupo. Fundi atakwambia hilo dogo, kuna kiwaya kinachogeuza plagi ya SATA ya diski kuwa pini 6. Kikatae. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa kupitisha ampea 1.5, jumla wati 54. Pini 6 za kadi zina haki ya kuomba 75. Siku kadi itakapoomba haki yake yote, waya unapata moto, plastiki inalainika na chumba kinaanza kunuka. Kiwaya chenyewe kinauzwa bei ya soda mbili, na kinaweza kuondoka na mashine nzima.

Kubadilisha saplai je? Inawezekana kwenye baadhi ya makasha makubwa, lakini jua unachoingia. Saplai ya kawaida ya dukani ina plagi ya pini 24 ya kuingia kwenye ubao mama. Dell nyingi za miaka hiyo zinataka pini 8 za aina yao, HP nyingi zinataka pini 6 za aina yao. Utahitaji adapta, na kwa kasha jembamba saplai ya kawaida haiingii kabisa, hata uisukume kwa goti.

Kwa hiyo mwenye mashine ya ofisi atafute kadi isiyo na tundu la waya wa umeme hata moja, inayoishi kwa zile wati 75 za kwenye ubao. Hilo peke yake linafuta zaidi ya nusu ya majina uliyotajiwa kwenye kundi, na ni ahueni, maana sasa orodha ni fupi.

Kisha fungua kasha kabla hujatoka chumbani. Zile nyembamba, zenye herufi SFF kwenye stika, zinapokea kadi za kimo kifupi tu, na bati la nyuma la kadi, lile lenye matundu ya HDMI na wenzake, lazima nalo liwe fupi. Kadi fupi zinazouzwa zikiwa zimetumika mara nyingi zina bati refu pekee. Lile fupi lilishapotea kwa mwenye kadi wa kwanza. Bila bati la kimo chake kadi inaning'inia bila skrubu, na siku ukihama chumba inachomoka. Pima pia kama kuna nafasi ya kadi nene yenye feni kubwa au tundu limebanana na saplai. Piga picha ya ndani kwa simu, weka rula pembeni ionekane, nenda na picha hiyo dukani. Mwenye zile kompyuta ndogo za ukubwa wa kitabu kwa kawaida hana tundu la kadi kabisa. Mwenye laptopu naye asome makala nyingine, samahani.

Na jambo moja la haraka kabla ya majina ya kadi. Kama mashine yako ina RAM ya GB 4, acha kadi kwanza. EA Sports FC 24 kwa mfano inataka RAM ya GB 8 hata kwa kiwango cha chini. Ongeza iwe vijiti viwili, kwa sababu vijiti viwili vinafanya kazi sambamba na grafiki ya ndani ya prosesa inategemea RAM hiyo hiyo. Nimeona watu wakiongeza kijiti kimoja na PES iliyokuwa ikikatakata ikawa inacheza, hamu ya kadi ikaisha.

Majina yenyewe

Anza na mtego mkubwa kuliko yote, GT 1030. Inavutia: ndogo, inakula wati 30 hivi, inaingia kila kasha. Lakini zipo mbili zenye jina moja. Ile ya kwanza, ya mwaka 2017, ina kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye DDR4, na kasi yake ni kama gigabaiti 17. Jina lile lile, boksi linalofanana, kadi ya theluthi ya kasi. Kwenye gemu tofauti inaonekana kwa macho. Soma maandishi madogo ya boksi. Kama yanasema DDR4 bila herufi G mbele, rudisha. Hata ile nzuri ni ya gemu za zamani na zile nyepesi za mtandaoni, basi.

Hili la kumbukumbu nataka lieleweke, kwa sababu muuzaji atakupiga nalo. Wengi tunauliza "ina GB ngapi?" kama tunavyouliza simu. GB zinaeleza ukubwa wa ghala. Hazielezi mlango wa ghala una upana gani, wala nani yuko ndani anafanya kazi. Kuna kadi za kale zenye GB 4 za DDR3 zinazouzwa kwa sifa ya hizo GB 4, na kadi ya GB 2 ya GDDR5 kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inaziacha mbali. Uliza jina kamili la kadi kwanza, aina ya kumbukumbu pili, GB tatu.

Kwa miaka mingi jibu la mwanachuo lilikuwa GTX 1050 Ti. Ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139, ina GB 4, wati 75, na matoleo mengi hayana tundu la waya. FC 24 iliitaja kadi hiyo kama kiwango chake cha chini kabisa, yaani bado inaruhusiwa mlangoni. Lakini mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba kadi za familia yake, pamoja na za kabla yake mpaka 750 Ti, zitapata draiva za kawaida hadi Oktoba 2025, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kadi haizimiki siku hiyo. Gemu ulizonazo zitaendelea. Ila gemu jipya likija na tatizo lake, hakuna atakayelitengeneza kwa ajili yako.

Ndiyo maana leo ningesema GTX 1650. Ilitoka Aprili 2019 kwa dola 149, nayo ni wati 75, GB 4, na inaizidi 1050 Ti waziwazi. Tena iko kwenye familia iliyofuata, kwa hiyo draiva zake hazikuguswa na tangazo lile. Tuseme duka linauza 1050 Ti laki mbili na 1650 laki mbili na nusu, zote used: hiyo elfu hamsini ilipe. Kama tofauti ni laki nzima, chukua 1050 Ti ukale. Angalizo mbili. Baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la pini 6, kwa hiyo tazama ukingo wa juu wa kadi usiridhike na jina. Na zipo zenye GDDR5 na zenye GDDR6. Ya pili ni nzuri zaidi kidogo, usiilipie sana.

Juu ya hapo ipo RTX 3050 ya GB 6, ya Februari 2024, wati 70, haina waya, na ina matoleo ya kimo kifupi. Kwa mashine ya ofisi ni kadi tamu sana. Sema GB 6 ukiwa dukani, maana RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine inayokula wati 130 na inataka waya. Wauzaji wanaziita zote "3050" na hawana nia mbaya, ni jina lenyewe lililotengenezwa hovyo.

Sasa RX 6400 ya AMD, ambayo kwenye karatasi inaonekana imezaliwa kwa ajili yetu: ya mwaka 2022, wati 53, fupi, nyembamba. Tatizo liko kwenye njia yake ya kuzungumza na kompyuta. Kadi nyingi zinatumia njia 16 au 8 za tundu la PCIe; hii inatumia 4 tu. Kwenye kompyuta mpya yenye PCIe 4.0, njia 4 zinapitisha kama gigabaiti 8 kwa sekunde. OptiPlex yako ni PCIe 3.0, na nyingine za bei ya chini ni 2.0. Hapo njia 4 zinapitisha gigabaiti 4 au 2. Ghala la GB 4 likijaa, kadi inalazimika kuomba vitu kwenye RAM kupitia uchochoro huo, na gemu linaanza kusita kila unapogeuka kona. Kadi imetengenezwa kwa mashine mpya, bei yake inavutia wenye mashine za zamani. Kama gemu zako ni nyepesi inaweza kukufaa, lakini isilinganishwe na 1650 kwa kutazama tu video za watu wenye kompyuta mpya.

Intel Arc A380 niiseme kwa sentensi moja: inahitaji ubao mama unaokubali mfumo wa Resizable BAR, mashine zetu za ofisi za miaka hiyo hazina, kwa hiyo ipite.

Na kuna chimbo ambalo wacheza gemu wengi hawalitazami. Ofisi zile zile zilizotuletea OptiPlex zilikuwa na idara za wachora ramani na wasanifu, nazo zilitumia kadi za kazi za NVIDIA. Quadro P1000 ina GB 4 na inakula wati 47. T1000 inakula wati 50 na ina idadi ile ile ya viini, 896, kama GTX 1650. Zote ni za kimo kifupi, zote hazina waya. Wengi wanazipita kwa sababu jina halina herufi GTX, na muuzaji asiyejua anaweza kukupa kwa bei ya huruma. Kasoro yake ni matundu: zina DisplayPort ndogo nne, hakuna HDMI. Ongeza bei ya adapta kwenye hesabu yako.

Monita yako mbaya ni rafiki yako

Adapta zinanikumbusha hili. Hosteli zimejaa monita za ofisi zenye waya wa VGA wa bluu. Kadi za NVIDIA kuanzia familia ya 1050 hazitoi tena ishara ya VGA, na za AMD za miaka hiyo vilevile. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye kichipu ndani. Kiwaya mtupu chenye HDMI upande huu na VGA upande ule hakifanyi kitu.

Lakini usikimbilie kubadilisha monita. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 ambazo kadi lazima izichore upya kila fremu. Monita ya 1366 kwa 768 ina nukta 1,049,088, nusu ya hizo. Maana yake kadi ambayo mtandaoni umeambiwa "inashindwa" gemu fulani kwa 1080p inaweza kulicheza vizuri kwako, kwa sababu kazi uliyoipa ni nusu. Unaposoma majaribio ya watu, angalia kwanza walitumia ukubwa gani wa picha. Na kama monita yako inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, kadi inayotoa 140 haikupi kitu unachoweza kukiona. Pesa ya fremu hizo 80 imeenda kwenye joto la chumba.

Wapo pia wanaotaka kadi kwa kazi za darasani, au angalau ndivyo wanavyowaambia wazazi. Kama uko usanifu majengo, uhandisi, sanaa za picha au unafanya mradi wa kufundisha mashine, elewa kwamba kadi mbili zinazolingana kwenye gemu hazilingani kwenye kazi. Blender iliacha mfumo wa OpenCL kwenye toleo la 3.0 mwaka 2021, na tangu hapo RX 570 na 580 hazisaidii chochote kwenye Cycles. Prosesa inabaki inateseka peke yake. Programu nyingi za kufundisha mashine zimejengwa juu ya CUDA ya NVIDIA. RX 6400 na GT 1030 hazina sehemu ya kurekodi na kubana video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu mubashara au kuhariri video za harusi za wikiendi aziache. Hapo ndipo 1650 inapozidi kupanda kwenye hesabu zangu, na T1000 pia.

Mwenye kasha la kweli

Kama wewe una kasha la kawaida na pawa saplai ya wati 450 au 500 ya kampuni inayojulikana, yenye waya wa pini 8, dunia yako ni pana. Hapo RX 570, RX 580 ya GB 8, GTX 1060 ya GB 6 na GTX 1660 Super zinakuwa na maana, na kwa kila shilingi zinakupa fremu nyingi kuliko kadi zetu za wati 75. Mtazame tu 1060: ile ya GB 3 haikupunguzwa kumbukumbu peke yake, ilipunguzwa na viini pia, kutoka 1280 hadi 1152. RX 580 nayo ina ndugu anayeandikwa "2048SP", aliyeuzwa kwanza China. Kwa ndani huyo ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Si mbaya, ila ilipe bei ya 570.

Kadi hizi nyingi zimepitia migodi. Kwa miaka kadhaa watu walizipanga kwa makumi kwenye rafu kuchimba sarafu ya Ethereum, usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikabadilisha mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukafa siku moja, na kadi zikamwagwa sokoni dunia nzima. Je, kadi ya mgodini ukimbie? Hapana, ila uipime. Chipu yenyewe inavumilia kazi ya mfululizo kuliko watu wanavyodhani. Kinachochoka ni feni, na ile pasta na sponji zinazopitisha joto kwenda kwenye chuma. Hizo zinabadilishika kwa fundi kwa pesa ndogo. Tatizo la siri ni baiosi: wachimbaji wengi waliibadilisha ili kadi ifae mgodini, na kwenye gemu inaleta picha za ajabu au inagoma kabisa. Muuzaji mzuri atakuwa ameshairudisha ya asili. Muulize, na jinsi atakavyojibu itakwambia mengi.

Dukani

Kuna kadi ambazo hazikuchakazwa na mgodi, zimeghushiwa. Mtu anachukua kadi ya kale, GTX 550 Ti ya mwaka 2011 kwa mfano au GTS 450, anaandika upya baiosi yake ili ijitambulishe kwa kompyuta kama GTX 1050 Ti ya GB 4. Ukifungua Windows, jina linasomeka 1050 Ti. Boksi linang'aa. Ukifungua gemu, kompyuta inagoma au inasuasua. Dalili ya kwanza huhitaji hata umeme kuiona: kama kadi inayojiita GTX 1050 Ti ina tundu la VGA, weka chini taratibu. Nimeshaeleza kwa nini. Dalili ya pili ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 inatambua kadi za namna hii na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi kabla ya kutoka.

Njia bora zaidi ni kubeba mashine yako yenyewe mpaka dukani. Ndiyo, ni mzigo, na kwenye daladala utatazamwa. Lakini mashine ya muuzaji ina saplai yake na kasha lake, na swali letu tangu mwanzo ni kama kadi inaishi kwenye kasha lako. Mpigie kabla ya kwenda, mwambie unataka kujaribu kwa dakika 20. Ikishachomekwa, fungua GPU-Z, soma jina, aina ya kumbukumbu na idadi ya viini, linganisha na ulichoandika nyumbani. Kisha washa FurMark, programu inayoichosha kadi kwa makusudi, iache dakika 15. Tazama nyuzi joto: zikipanda hadi 75 au 80 na kutulia hapo, hakuna shida kwa hali ya hewa yetu. Zikiendelea kupanda bila kusimama, pasta imekauka au feni imechoka. Vidoa vya rangi, mistari, skrini kuwaka na kuzima, hayo yote ni "asante, naomba nione nyingine." Sikiliza feni pia, ikikwaruza dukani kwenye kelele za Kariakoo, fikiria saa nane usiku mwenzako akiwa amelala.

Ukiridhika, omba risiti iliyoandikwa jina kamili la kadi, pamoja na namba ndefu iliyo kwenye stika ya mgongoni. Mpige picha stika hiyo mbele ya muuzaji. Mkubaliane siku za kurudisha na ziandikwe palepale kwenye risiti, hata kama ni tatu, kwa sababu matatizo ya joto mara nyingi yanajitokeza usiku wa kwanza wa gemu refu. Wapo watakaokwambia "sisi tunaaminiana, ndugu yangu, hakuna haja ya kuandika." Mwenye kadi nzuri haogopi kuandika namba yake, na Kariakoo duka linalofuata liko hatua kumi tu.